Fundi Mkasi na Mikono Mia Sita ya Kushoto

Hakuwa na nywele. Hakuwa na nyusi pia. Alizokuwa nazo alizichora asubuhi kwa penseli, na moja ilipanda juu kidogo kuliko mwenzake, ikampa sura ya mtu anayemshuku kila amwonaye. Hakuwa na titi la kushoto. Hakuwa na kucha kwenye vidole viwili vya mguu. Hakuwa na mume, maana yule aliyekuwa naye aliposikia neno saratani alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli za haraka mji mwingine. Hakuwa na hamu ya chakula tangu miezi minane. Na ukiiamini barua iliyokunjwa ndani ya mkoba wake, tangu jana hakuwa na kazi.

Alichokuwa nacho Fundi Mkasi ni dada yake mkubwa, aliyeketi kando akitafuna ncha ya mtandio, na daktari mbele yake. Na huyo daktari, mtakumbuka, tulimwacha wiki iliyopita amefungua bahasha ya majibu, amesoma, amevua miwani, na amecheka.

Daktari wa saratani, anacheka nini?

"Unacheka nini, daktari?" dada aliuliza kwa ukali. "Sisi hatukuja hapa kuchekwa."

"Niwie radhi, mama. Nacheka kwa sababu nimetafuta sijaona."

"Umetafuta nini?"

"Ugonjwa. Nimetafuta kwenye picha, nimetafuta kwenye damu, nimetafuta kwapani tulikopasua. Hauonekani popote."

Feni ya dari ilizunguka mara tatu.

"Soma jina lililo juu ya hilo faili," alisema Mkasi.

Daktari akasoma jina. Lilikuwa la Mkasi.

"Soma tarehe ya kuzaliwa."

Daktari akasoma. Ilikuwa yake.

"Sasa soma tena hayo mengine."

Akasoma tena, polepole, kila mstari, kama mtu anayemsomea mtoto. Alipofika mwisho, dada aliruka kwenye kiti akapiga vigelegele ambavyo korido nzima ilivisikia. Muuguzi mmoja akafungua mlango kuchungulia kama kuna aliyezidiwa. Dada akamkumbatia muuguzi, akamkumbatia daktari, akaikumbatia na ile meza.

Mkasi hakulia wala hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa barua ya kazini, akaiweka mbele ya daktari.

"Na hii isome."

Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kwa kuzingatia hali ya afya yake, mkata vitambaa mkuu wa kiwanda cha sare anastaafu kwa hiari yake. Atie saini fomu iliyoambatishwa, aitie kwenye bahasha yenye anwani ya makao makuu, aipeleke posta kabla ya Ijumaa jioni. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa.

"Kwa hiari yako?" daktari aliuliza.

"Hiyo hiari yangu wameikuta wapi, na mimi nilikuwa nimelala kwenu na mpira wa dripu mkononi? Niandikie cheti, daktari. Andika kwamba nimepona na naweza kufanya kazi."

Daktari akavaa miwani. "Mama, neno 'umepona' siliandiki. Nitaandika 'ugonjwa hauonekani'. Utarudi kila baada ya miezi mitatu tukuangalie. Na huo mkono wa kushoto bado umevimba. Usiubebeshe kitu, usiukandamizie kitu."

"Mkasi nashika kwa mkono gani?"

"Wa kulia, nadhani."

"Titi mmekata lipi?"

"La kushoto."

"Basi huu wa kulia uliugua lini?"

Daktari akavuta karatasi, akaandika mistari mitano, akaigonga mhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

* * *

"Twende nyumbani ukalale," dada alisema nje ya geti la hospitali. "Habari njema nayo inachosha."

"Nimelala miezi minane, dada. Twende kiwandani."

"Kufanya nini? Kuna posta pale, tuma cheti chako tukapumzike."

"Mtu aliyenistaafisha ataniona kwa macho yake kwanza."

Dada alimjua mdogo wake. Alitangulia mwenyewe kuvuka barabara.

Kiwanda kile unakisikia kabla hujakiona. Cherehani thelathini zikienda kwa pamoja, dirisha la duka la jirani hutetemeka. Siku ile, tangu kona ya barabara, hapakusikika kitu. Mkasi akasimama.

"Kuna msiba," alisema dada.

"Leo? Leo ninayotoka kuambiwa nipo?"

Wakaingia. Wanawake thelathini walikuwa wameketi nyuma ya cherehani zao, mikono mapajani, wameinamisha vichwa. Wa kwanza kuinua macho alikuwa Bi Vifungo, mzee aliyeshona vifungo pale tangu kiwanda kina paa la mabati yenye matundu, na ambaye siku zote huvaa shingoni uzi wenye vifungo vya kila rangi, vikigongana kila atembeapo. Alipomwona Mkasi mlangoni, alitoa ukelele.

"Ni wewe, au ni kivuli chako?"

"Kivuli hakipandi ngazi kikahema hivi, Bi Vifungo."

"Lakini Meneja alisema hurudi tena! Alisema umekwisha!"

"Daktari amenitafutia ugonjwa asubuhi hii hajauona. Nimesafishika."

Ukumbi uliinuka. Vigelegele, viti chini, mmoja akapiga cherehani yake kwa kiganja kama ngoma. Bi Vifungo alimfikia wa kwanza, vifungo vikilia shingoni, akamkumbatia upande wa kulia, ule usiouma. Alikuwa akilia kweli kweli.

"Nisamehe, mwanangu," alimnong'oneza sikioni. "Nisamehe."

Mkasi alidhani ni kwa sababu ya ule ukelele. "Nikusamehe nini? Umenishangilia. Haya, niambie nani amekufa humu."

Bi Vifungo akamshika mkono akampeleka chumba cha kukatia.

Mezani pale, kwenye meza ndefu ambayo Mkasi aliisimamia miaka ishirini na miwili, aliketi mwanamume wa miaka arobaini na kitu, amejishika kichwa. Alikuwa shemeji yake Meneja. Aliwahi kuuza vitanda. Kiwanda kizima, hata mlinzi wa geti, kilimwita Shemeji. Kando yake alisimama Meneja, shati limemganda mgongoni kwa jasho, ameshika blauzi mpya ya buluu ya wauguzi kana kwamba ni panya aliyemkamata jikoni.

Alipomwona Mkasi, blauzi ilimponyoka.

"Mama! Wewe si… unaendeleaje?"

"Naendelea. Hilo ndilo nililokuja kukwambia." Akainama, akaiokota blauzi kwa mkono wa kulia, akaikung'uta, akaitazama. Akatazama begani. Akatazama bega la pili. Ile nyusi iliyopanda ikapanda zaidi.

"Shemeji," alisema taratibu, "huyu muuguzi unayemshonea ana mikono miwili ya kushoto?"

Shemeji hakuinua kichwa. "Yote," alijibu kutoka ndani ya viganja vyake. "Mikono mia sita. Yote ya kushoto."

Hapa inabidi nikueleze jambo moja la ufundi, msomaji, nalo ni jepesi. Kitambaa kina uso na kina mgongo. Mkono wa nguo nao una mbele na una nyuma, na mbele huchimbwa zaidi kwapani. Mkata vitambaa hutandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, huweka karatasi ya kukatia juu yake, huchora kwa chaki, hukata zote kwa mara moja. Mkasi alikuwa na mtindo wake tangu ujana: alitandaza tabaka zake uso kwa uso, moja ikitazama juu, inayofuata ikitazama chini. Hivyo karatasi moja ya mkono ilimpa kulia na kushoto kwa pamoja, na msumarini pake ilining'inia karatasi moja tu.

Shemeji alikuta karatasi moja msumarini. Akatandaza majora yote uso juu, akaweka karatasi, akakata, akafurahi.

"Ilikuwa moja tu!" alilalamika sasa. "Nani angejua? Mtu anaacha karatasi moja kwa mikono miwili!"

"Aliyeiacha alikuwa hospitali. Namba yangu ya simu mnayo. Mngeuliza."

"Tuliambiwa tusikusumbue," alisema Bi Vifungo, akimtazama Meneja.

Meneja alijikohoza. Oda ilikuwa ya hospitali, blauzi mia tatu za wauguzi. Viwiliwili vya blauzi vilikuwa salama, maana mbele kipande kimoja na nyuma kipande kimoja, havina kulia wala kushoto. Lakini kitambaa kilikwisha. Buluu ile ilitiwa rangi kwa oda hiyo tu. Na Muuguzi Mkuu alikuwa anakuja saa tisa kuona blauzi ya kwanza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu.

"Mama," alisema Meneja, sauti imelainika kama mafuta, "wewe ni mkongwe hapa. Hakuna namna?"

Dada aliyekuwa mlangoni akaangua kicheko. "Jana amekwisha, leo mkongwe!"

Mkasi hakucheka. Alikuwa amechukua mkono mmoja wa buluu kwenye rundo, akaulaza mezani, akaupapasa kwa vidole. Ungeweza kusema amesahau kama kuna watu. Miezi minane alikuwa amepapasa shuka tu.

Mkono mrefu, hadi kwenye kiganja. Akaukunja juu ya kiwiko. Akasimama akiutazama hivyo, umekunjwa.

Kitandani, wodi ile, alikuwa na muda mwingi wa kutazama. Kila asubuhi muuguzi alikuja na sinia la sindano, na kila asubuhi, kabla ya kumgusa, alifanya jambo lile lile: alikunja mikono ya blauzi juu ya kiwiko, akanawa. Wauguzi wote. Mchana na usiku. Mikunjo ikiporomoka, walikunja tena, wakisonya. Mmoja, mcheshi, aliwahi kumwambia: "Aliyetushonea hizi hajawahi kumwogesha mgonjwa."

Aliyewashonea alikuwa amelala mbele yake, na aliona aibu mpaka masikioni.

"Leteni chaki," alisema Fundi Mkasi. "Na mkasi wangu. Nani anao?"

Shemeji akautoa mfukoni haraka kana kwamba umemwunguza.

Jasho lilikuwa likimtiririka chini ya kilemba. Akakivua, akakitupa juu ya kiti. Kichwa kikabaki wazi, cheupe juu na cha kung'aa. Wale wanawake waliojazana mlangoni wakakikodolea macho.

"Mnatazama nini? Ni kichwa. Tazameni mkimaliza mkakalie cherehani, blauzi zinakuja."

Wakacheka, wakakimbilia viti vyao.

"Meneja, hatuna mikono mirefu. Tuna mikono mifupi jozi mia tatu. Mia tatu naiacha ya kushoto, naipunguza urefu tu. Hii mia tatu mingine nashusha vidole vitatu kutoka begani, nachora upya, mbele iwe nyuma na nyuma iwe mbele, itoke ya kulia. Chini kuna kitambaa cha kutosha kwa sababu hatuhitaji kufika kiganjani."

"Lakini oda inasema mirefu!"

"Oda imeandikwa na mtu wa ofisini. Wewe nyamaza saa tisa nizungumze mimi. Shemeji, simama."

"Mimi?"

"Mkono wangu wa kushoto haukandamizi kitu, amri ya daktari. Tutatumia wako. Weka viganja hapa, kaza. Ukitikisika nakukata kidole, na chenyewe kitakuwa cha kushoto."

Shemeji akakandamiza kama mtu anayezuia meza isiruke. Mkasi akachora. Kisha akakata, na ile sauti ya mkasi mzito ukipita kwenye tabaka za kitambaa, krr, krr, krr, ilisikika mpaka ukumbini, na cherehani moja ikaanza, na ya pili, na dirisha la duka la jirani likaanza kutetemeka kama kawaida yake.

* * *

Muuguzi Mkuu alifika saa tisa kasoro dakika tano, mwanamke mpana mwenye kalamu nne mfukoni. Akachukua blauzi. Uso ukabadilika.

"Niliagiza mikono mirefu."

Meneja alifungua mdomo. Mkasi akamkanyaga kidole.

"Uliagiza, bibi. Na wewe mwenyewe sasa hivi umeikunja yako."

Muuguzi Mkuu akatazama mikono yake. Kweli, ilikuwa imekunjwa juu ya viwiko, miwili yote, mikunjo ya siku nzima.

"Unakunja mara ngapi kwa siku?"

"Sijawahi kuhesabu."

"Mimi nimehesabu. Nililala wodi yako, kitanda cha dirishani, sikuwa na kazi nyingine. Muuguzi mmoja, zamu moja, mara kumi na tisa."

Muuguzi Mkuu alimtazama vizuri sasa: kichwa kile, nyusi zile za penseli, chaki vidoleni. Macho yake yakapanuka.

"Kitanda cha dirishani! Wewe ndiye uliyekuwa unashona vifungo vya makoti yetu kwa siri!"

"Vilikuwa vinaning'inia. Vilinikera."

Yule mama akavaa blauzi palepale juu ya nguo zake, akainua mikono, akaizungusha, akajifanya ananawa, akajifanya anamwinua mgonjwa. Kwapa halikuvuta.

"Shoneni zote hivi," alisema. "Na oda ijayo nataka akate huyu huyu. Nimeeleweka?"

Alieleweka. Alipoondoka, Shemeji alimshika Mkasi mkono wa kulia akautikisa mpaka dada akawaachanisha. Lakini Meneja alisubiri hadi mlango umefungwa.

"Mama, umetusaidia sana," alisema. "Sasa tuongee kama watu wazima. Wewe staafu kwa heshima. Tukikwama kama leo, tutakuita kibarua, siku moja moja. Huoni ni nafuu kwako? Mwili wako…"

"Mwili wangu una daktari wake, na ameandika hapa." Akamwonyesha cheti. Kisha akatoa ile fomu, akaiinua mbele ya pua yake. "Na hii sitii saini. Umeona vizuri? Haina saini, na haitakuwa nayo."

Mkasi alitarajia hasira. Meneja akatabasamu, tena tabasamu la mtu aliyeshiba.

"Haidhuru, mama," alisema. "Saini si neno." Akaingia ofisini kwake, akafunga mlango.

Kwenye ukingo wa meza kila mkata vitambaa wa kiwanda kile huchonga alama yake siku ya kwanza, na akiondoka moja kwa moja seremala huja akaipiga randa. Ya Mkasi ilikuwa mkato wa msalaba mdogo. Aliutafuta kwa kidole, akaukuta. Pembeni yake, kwa penseli ya seremala, mtu alikuwa ameandika: *Jumamosi asubuhi.*

Kesho.

* * *

Posta ilikuwa imebakiza robo saa kufungwa. Mkasi aliandika akiwa amesimama, kwenye kile kimeza cha ukutani, kwa kalamu iliyofungwa kwa kamba. Dada alimshikia kilemba.

*Kwa Mkuu wa Wafanyakazi, Makao Makuu. Fomu yenu nairudisha kama ilivyokuja. Cheti cha daktari kimo ndani. Sistaafu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mezani pangu, na alama yangu isipigwe randa. Mkata vitambaa mkuu.*

Akatia saini. Akaingiza fomu, cheti na barua kwenye bahasha, akaipeleka dirishani bila kuifunga.

"Ya rejista," alisema.

Karani alivuta daftari kubwa, akaanza kuandika jina lake, kalamu ikasimama njiani. Akarudisha jicho ukurasa wa juu.

"Mama, mbona yako imeshakwenda?"

"Yangu ipi?"

"Leo saa mbili na nusu asubuhi. Mtumaji ni wewe, mpokeaji ni huyu huyu wa makao makuu. Ona."

Akageuza daftari. Jina lilikuwa lake. Na palipoandikwa saini ya mtumaji palikuwa na saini yake, na ule mkia wake wa mwisho unaopinda kama ndoana. Saa mbili na nusu asubuhi yeye alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali.

Saini si neno.

"Nani aliileta?" dada aliuliza. "Mwanamume mnene? Shati jeupe?"

"Hapana," karani alisema. "Bibi mmoja mzee. Namkumbuka kwa sababu ya mkufu wake, alivaa vifungo shingoni. Alikuwa analia. Nilimwuliza kama amefiwa."

Dada akajishika kwenye kaunta. Mkasi alisikia tena ile sauti sikioni mwake, *nisamehe, mwanangu*.

Alikuwa ameshavuka kubaya kuliko posta.

"Niazime kalamu yako," alimwambia karani. "Hii ya kamba haifiki."

Akaitoa barua ndani ya bahasha, akaongeza chini yake kwa herufi kubwa: *Barua yoyote iliyowafikia kwa jina langu kabla ya hii, si mimi niliyeitia saini. Mkono wangu wa kulia ni mzima, na ndio huu.*

Nyuma yake mlango wa posta ulifunguka. Akasikia hatua nzito za mtu mzima, na kwa kila hatua, mgongano mdogo wa vifungo.

"Mdogo wangu," dada alinong'ona, "geuka. Ni yeye."

"Atasubiri," alisema Fundi Mkasi.

Akakunja barua mara tatu, akairudisha ndani. Akalamba gundi ya bahasha kutoka ncha hadi ncha, akaifunga, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ukingo kama mtu anayenyoosha pindo. Akaisukuma chini ya dirisha. Karani akagonga mhuri mara mbili, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, na barua ikaangukia ndani ya gunia.